Uzi: .22 ya shabaha mita 50, kuanzia kitako mpaka karatasi (skrubu, gundi, darubini, risasi)

#1 KumiKati

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa bunduki ya .22 LR (risasi ndogo) ya bolti, yaani komeo unalovuta kwa mkono kila risasi, ya kulenga karatasi mita 50. Mambo ya bastola na ulinzi yana nyuzi zake, tusiyalete hapa.

La sheria tulimalize mapema. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kipande cha bunduki nacho ni silaha. Mtutu mtupu ndani ya sanduku hauagizwi mtandaoni kama kava la simu. Unapitia kwa muuzaji aliyesajiliwa, na karatasi za Bodi ya Leseni za Silaha zikiwa mkononi. Kazi yoyote ya chemba (chumba cha risasi), bolti au nyuzi za mtutu ni ya fundi mwenye leseni. Hapa tunaongea yale mwenye cheti anayafanya mwenyewe: kitako, skrubu, darubini na kupima.

Tukubaliane pia tunatafuta nini. Kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi ikigusa mstari inahesabiwa. Kichwa cha .22 kina kipenyo cha milimita 5.6 na ushee. Jumlisha hizo mbili upate 16. Kwa hivyo bunduki inayotoa kundi la risasi kumi ndani ya milimita 16, kati ya tundu hadi kati ya tundu, imeshafanya kazi yake. Makosa yanayobaki ni yako.

Nianze na swali ambalo hunifikia kila wiki: mtu ana bunduki nzuri, kundi ni milimita 30, anataka kubadilisha mtutu. Mnamwambia aanzie wapi?

#2 Randa_na_Patasi

Aanze na skrubu mbili zinazoshika mtambo (kile chuma kinachobeba bolti na mtutu) kwenye kitako, kisha kitako chenyewe. Mtutu uwe wa mwisho kabisa kulaumiwa.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Chukua noti ya mia, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Ikikwama kabla ya kufika karibu na mtambo, mtutu unagusa kitako. Mtutu unaogusa mbao upande mmoja husukumwa ukipata joto, na asubuhi ya baridi hauko pale ulipokuwa saa sita. Msasa namba 120 uliozungushiwa kijiti cha mviringo unatosha kupanua mfereji. Ukimaliza, paka vanishi palepale ulipokwangua. Mbao iliyoachwa wazi hunywa unyevu wa Aprili, na mwezi wa Mei unaanza kukwangua upya.

Kipimo cha pili kinahitaji saa ya kupimia ya fundi wa mashine, ile yenye mshale. Shika bunduki wima, weka ncha ya saa kwenye mbao na mwili wake kwenye mtutu, kisha legeza skrubu ya mbele polepole. Mshale ukisogea zaidi ya milimita 0.05, mtambo umekaa ukiwa umepinda, na kila ukikaza unaupinda tena. Hapo ndipo gundi inahitajika.

#3 Bi_Timazi

Mzee Randa, eleza gundi kwa hatua. Wengi huharibu hapo.

#4 Randa_na_Patasi

Sawa dada. Kazi yenyewe ni kutengeneza tandiko la epoksi linaloiga umbo la mtambo, ili ukikaza usipinde.

Anza na nguzo. Ni vipande viwili vya bomba la alumini, kipenyo cha nje milimita 12 hadi 14, vinavyopita ndani ya kitako palipo na matundu ya skrubu. Fundi wa leithi pale Kariobangi anakukatia kwa dakika kumi. Tundu la ndani liwe kubwa kuliko skrubu kwa milimita moja, maana skrubu ikigusa ukuta wa nguzo inakuwa inabeba mshindo (ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma), na hiyo si kazi yake. Na tafadhali, kwa fundi peleka kitako peke yake pamoja na vipimo. Bunduki inabaki ndani ya sefu.

Kisha toa mbao kina cha milimita 2 hadi 3 pale mtambo unapokalia, na uache ukingo mwembamba juu ambao haukuguswa, ili kimo kisibadilike. Kwangua uso uwe na mikwaruzo, gundi haishiki kwenye mbao iliyong'aa.

Zamu ya kuziba. Plastisini ya watoto wa shule inatosha: jaza tundu la magazini, nafasi ya triga, kila pango ambalo gundi ikiingia itajifunga kama ufunguo. Kwenye kile kijino cha chuma kinachopokea mshindo, bandika utepe wa fundi umeme mbele, kando na chini. Uso wa nyuma uache wazi, ndio pekee unaotakiwa kugusa. Zungushia utepe mtutu pia, karibu na mdomo wa kitako, ili ukae katikati.

Halafu nta. Kiwi isiyo na rangi, ile ya viatu, tabaka mbili, kila moja isuguliwe ikauke. Paka mtambo wote, paka skrubu na nyuzi zake. Mahali utakaposahau ndipo itakaponata.

Changanya gundi kwa uzito kama mzani mdogo upo, wala si kwa macho. Ongeza unga wa alumini mpaka iwe kama siagi ya karanga. Ikiwa nyepesi inatiririka na kuacha mapovu. Ketisha mtambo, kaza skrubu kwa vidole tu mpaka zishike. Hapa ndipo watu huharibu: wanakaza kwa nguvu gundi ikiwa mbichi, wanaupinda mtambo, gundi inakauka ikiwa imenakili ule upindo. Umetumia siku mbili kutengeneza kosa la kudumu.

Saa 24 zinatosha mwezi wa Februari. Julai, Nairobi ikishuka nyuzi 11 au 12 usiku, acha saa 48 au weka kitako kwenye chumba chenye joto. Kutoa, gonga chini ya mtutu kwa nyundo ya mpira, pole pole. Ikigoma usitumie bisibisi kuchokoa.

#5 Mshale_wa_Saa

Nyongeza juu ya nguvu ya kukaza. Vijitabu vya Marekani vinaandika paundi-inchi, vya Ulaya vinaandika Newton-mita. Newton-mita moja ni paundi-inchi 8.85. Ukisoma 40 ya Mmarekani ukadhani ni 40 Nm, skrubu itakatika na kichwa kitabaki ndani. 40 yake ni Nm 4.5 tu.

Fuata kijitabu cha bunduki yako kwa kiwango cha juu. Chini ya hapo unaweza kujaribu: anza Nm 2, panda kwa nusu nusu, kila hatua piga makundi mawili ya kumi. Bunduki iliyotandikwa vizuri haijali sana, makundi yanafanana kuanzia Nm 3 kwenda juu. Ikiwa Nm 3.5 ni nzuri na Nm 4 ni mbaya, usishangilie kwamba umepata siri. Tandiko lina kasoro.

#6 JuaKaliOptiki

Kabla hamjapiga hata moja, darubini. Nimeona watu wakilaumu risasi miezi sita kumbe pete zinazoshika darubini zimelegea.

Reli inayobeba pete, kwenye mtambo: futa mafuta kwenye nyuzi kwa spiriti, tone moja la gundi ya nyuzi ya buluu, kaza. Kofia za pete: kavu kabisa, hakuna gundi, hakuna grisi. Ukilainisha nyuzi, nguvu ileile ya spana inabana zaidi, na mwili wa darubini ni bomba jembamba la alumini. Nm 2 kwenye kofia inatosha pete nyingi. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, na nafasi ya kushoto na kulia ilingane. Ukiona alama ya duara kwenye bomba baada ya kufungua, ulizidisha.

#7 Bi_Timazi

Na iwe wima. Jina langu si la bure.

Tundika timazi mita 50: kamba nyeupe, jiwe chini, jiwe liwe ndani ya ndoo ya maji ili lisicheze na upepo. Weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, pimamaji juu ya reli, kisha zungusha darubini mpaka mstari wake wa wima ulale juu ya kamba. Ndipo ukaze.

Kwa nini nasisitiza: risasi ya .22 inayotoka kwa mita 325 kwa sekunde huanguka karibu sentimita 12 kufika mita 50. Mtutu umeinuliwa kufidia hizo 12. Ukiilaza bunduki nyuzi 5 kulia, sehemu ya ule mwinuko inageuka kuwa msukumo wa pembeni, na tundu linahamia kulia karibu sentimita 1. Duara zima la kumi limekwenda, na upepo hata haujavuma. Nyuzi 5 ni kidogo, jicho haliioni. Pimamaji kidogo cha kufunga kwenye bomba kinaiona.

#8 KumiKati

Hapo kwenye pimamaji watu huona ni pambo. Asante dada.

Naongeza jaribio la darubini lisilotumia risasi. Ifunge kwenye jiliwa lenye kitambaa, elekeza kwenye futi ya fundi iliyobandikwa ukutani mita 50 kamili. Pima umbali kwa futi ya kamba, si kwa hatua. Darubini ya kliki za mili 0.1 (mili ni sehemu moja ya elfu ya umbali) inasogea milimita 5 kila kliki. Zungusha kliki 100, msalaba (mistari ndani ya darubini) usogee milimita 500. Rudisha 100, urudi palepale. Ukipata 490 unajua hesabu yako ina kasoro ya asilimia 2 na unaishi nayo. Isiporudi mahali ilipoanza, hiyo irudishe dukani. Za robo dakika ya pembe ni milimita 3.6 kwa kliki hapo mita 50.

Na paralaksi: darubini nyingi za kuwindia zimefungwa kiwandani kwa yadi 100 au zaidi. Mita 50 ukisogeza kichwa, msalaba unatembea juu ya karatasi. Tumia yenye kirekebishi, zungusha mpaka msalaba usitikisike ukitikisa kichwa. Namba zilizoandikwa kwenye kirekebishi ni za kukisia tu.

#9 Gatundu_Lefti

Nauliza ya uwanjani. Nikiwa na boksi chache, ninajuaje risasi ipi inafaa mtutu wangu? Cheti kina idadi yake, siwezi kununua kama njugu.

#10 Mshale_wa_Saa

Boksi moja la 50 kwa kila aina, boss, na ulipangie hivi: 15 za kuzoesha mtutu, 30 kwa makundi matatu ya kumi, 5 zibaki za dharura.

Zile 15 si za kutupa. Kila kiwanda kina nta yake, na risasi za kwanza zinakuwa zinafuta nta ya jirani na kupaka yao. Ukibadilisha aina na kuhesabu kundi la kwanza, unapima mchanganyiko. Kwa hivyo usipige kumi za hii, kumi za ile, ukizunguka. Maliza aina moja ndipo uende nyingine.

Na aina si jina la boksi tu. Soma namba ya fungu iliyopigwa chapa pembeni. Boksi mbili za jina moja, fungu tofauti, ni risasi mbili tofauti. Ukipata fungu linalokubali, nunua la kutosha mwaka kwa kadiri cheti kinavyoruhusu, maana likiisha halirudi.

Achana na makundi ya risasi tatu. Kwa bunduki ileile, bila kubadilisha chochote, kundi la tano kwa wastani huwa pana kuliko la tatu kwa zaidi ya robo, na la kumi ni pana kuliko la tano kwa karibu robo nyingine. Mtu anapiga tatu, anapata milimita 8, anaweka picha. Akipiga kumi anapata 13 na kusema bunduki imeharibika. Bunduki ni ileile.

#11 Gatundu_Lefti

Na kupima kundi lenyewe? Kalipa ninayo.

#12 Mshale_wa_Saa

Pima nje kwa nje kwenye matundu mawili yaliyo mbali zaidi, toa kipenyo cha tundu moja. Lakini usitoe 5.6 kwa mazoea. Karatasi hurudi nyuma risasi ikipita, tundu linakuwa dogo. Pima tundu la pekee kwenye karatasi hiyohiyo, toa hilo. Karatasi ya shabaha halisi inakata safi, ya fotokopi inachanika na kukudanganya.

#13 JuaKaliOptiki

Kasi mnaisahau. Kama kuna mwenye kronografu (kipima kasi ya risasi) uwanjani, mwombe. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili inashusha ile ya polepole milimita 7 hivi mita 50. Mita 100 inakuwa milimita 30 na zaidi. Ndiyo maana boksi la bei nafuu linaonekana zuri mita 25, halafu kundi lake linasimama wima kama nguzo ya stima ukirudi nyuma.

Na zile zinazojitangaza kuwa za kasi kubwa, mita 370 kwa sekunde na kuendelea, ziacheni. Zinatoka juu ya kasi ya sauti na kuivuka zikishuka njiani, hapo ndipo zinapotikiswa. Kasi ya sauti inafuata joto la hewa. Mwinuko wetu hauihusu. Nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, iwe Nairobi au Mombasa. Asubuhi ya nyuzi 12 ni karibu 338, basi risasi ya kawaida yenye 335 inaanza ikiwa imeukaribia huo ukuta.

#14 Bi_Timazi

Mwinuko unagusa kingine: uzito wa hewa. Hapa kwetu Nairobi hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18 joto likiwa sawa. Mita 50 tofauti ya kimo ni milimita moja na nusu tu, hutaiona. Mita 100 ni sentimita 1 hivi. Atakayeshuka Mombasa na ziro (mpangilio wa darubini) ya Nairobi ya mita 100 apande kliki moja ya mili 0.1, kisha apige kundi kuhakikisha.

Upepo ndio unaoonekana. Mita 1 kwa sekunde kutoka pembeni husogeza .22 milimita 4 hivi hapo 50. Weka bendera mbili, moja mita 10 mbele ya mtutu na nyingine katikati. Ya karibu ndiyo muhimu, risasi ikisukumwa mapema inaendelea na mwelekeo huo njia nzima. Zamani watu walikata vipande vya mifuko ya plastiki, ambayo tangu 2017 hatunayo. Uzi wa sufu kwenye spoku ya baiskeli unafanya kazi vizuri zaidi. Na fika mapema. Kule uwanda wa Athi, saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo ya kupima risasi. Baada ya hapo unapima upepo.

#15 KumiKati

Mpangilio wa siku ya kwanza, kwa asiyejua aanze wapi. Bolti nje, bunduki kwenye mifuko ya mchanga mbele na nyuma. Tazama ndani ya mtutu mpaka karatasi ya mita 25 iwe katikati ya tundu, bila kugusa bunduki leta msalaba hapo. Piga tatu, sogeza, piga tatu. Nenda 50, piga kumi, rekebisha kwa kati ya kundi zima na si kwa tundu lililokukera. Mfuko wa mbele ukae chini ya kitako, kamwe si chini ya mtutu. Msimamizi wa uwanja akisema simama, bolti wazi, bendera (kile kipande cha kuonyesha kuwa ni tupu) ndani ya chemba, mikono mbali na meza. Darubini nayo huiangalii wakati watu wako mbele.

#16 Kisauni_Range

Naomba ufafanuzi wa maumbo. Kundi langu ni makundi mawili: matundu sita hapa, manne pale, sentimita 2 kati yao.

#17 Randa_na_Patasi

Ndugu, makundi mawili katika moja ni kitu kinachokaa mahali pawili. Kaza reli, pete, skrubu za kitako, kwa mpangilio huo. Zote zikiwa sawa, badilisha darubini kwa muda na nyingine unayoiamini. Moja baada ya nyingine. Ukigusa vitatu kwa mpigo na ikapona, hujui ulichoponya.

Kundi likipanda kidogo kidogo kadiri mtutu unavyopata joto, rudi kwenye noti ya mia. Likiwa refu kwenda juu, kasi ya risasi au mshindo hafifu wa pini. Toa ganda uliangalie: alama kwenye ukingo iwe na kina na ilingane ganda hadi ganda. Ikiwa hafifu, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda ndani ya bolti. Osha, rudisha kavu au kwa tone moja la mafuta mepesi.

#18 Kisauni_Range

Ilikuwa skrubu ya nyuma ya reli. Inazunguka kwa vidole. Asanteni.

#19 Gatundu_Lefti

La mwisho: kusafisha. Wengine wanasema .22 haisafishwi.

#20 JuaKaliOptiki

Mtutu hauhitaji kusuguliwa kila siku, risasi ni laini na ina nta. Lakini mbele ya chemba hujengeka pete ngumu ya kaboni na vumbi la vioo la viwashio. Ikikomaa risasi inaingia kwa kusukumwa na kundi linafunguka bila sababu. Kila risasi 200 hadi 300, loweka sehemu hiyo tu kwa kiyeyusha kaboni dakika 15, brashi ya shaba mara tano sita, kitambaa. Ingia kwa nyuma, fimbo yenye kiongozi, usikwaruze mdomo wa mtutu. Kisha piga zile 15 kabla ya kuhesabu.

Na mazoezi ya triga nyumbani bila risasi: kwenye baadhi ya .22 pini inagonga ukingo wa chemba na kuuponda. Weka risasi bandia ya plastiki. Plagi ndogo ya ukutani ya manjano, inayoingia bila kulazimishwa na kutoka bolti ikivutwa, inafanya kazi hiyo kwa bei ya peremende. Hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziko chumba kingine. Igeuze kidogo kila ukingo wa plagi ukichimbika.